Afya: Lipi la Mtu na Lipi la Umma
Somo litokalo Bungoma



Mas'ala tunayoyatia katika waraka huu ni yale yazungumzwayo barazani katika miji yetu kila panapozuka maradhi au panapotoka jeneza la kijana: mtu akiugua, lawama ni ya nani? Wako wasemao kuwa mgonjwa mwenyewe ndiye mkosa; hakuchemsha maji, hakulala ndani ya chandarua, hakwenda hospitali mapema. Wako wasemao kuwa ni serikali, kisha wakanyamaza, kana kwamba neno hilo peke yake ni dawa. Na liko kundi la tatu, nalo ndilo kubwa, lisemalo kuwa hapana wa kulaumiwa, hiyo ni kudura. Sisi twaona kuwa kila neno katika haya matatu lina ukweli ndani yake, walakini huwekwa pasipo mahali pake. Na neno la kweli likiwekwa pasipo mahali pake hudhuru kama uongo.

Mifano yetu mikubwa tutaitoa Bungoma, magharibi ya Kenya, na sehemu za jirani zake. Msomaji wa Mombasa, au wa Lamu, huenda akauliza, Bungoma yatuhusu nini? Yatuhusu kwa kuwa misafara ya wazee wetu ilipita Mumias, karibu na hapo, wakaacha huko dini na jamaa. Lakini zaidi ya hayo, yatuhusu kwa sababu huko, katika muda wa miaka michache, mas'ala haya yalitolewa barazani yakatiwa katika mizani ya hesabu, kisha yakatiwa katika mizani ya mahakama. Ni mara chache mabishano ya watu hupimwa hivyo.

Tuanze na msingi. Wanazuoni wetu waligawa fardhi mafungu mawili. Fardhi aini ni ile impasayo kila mtu kwa nafsi yake, wala mwingine hawezi kumtendea, kama sala yake na saumu yake. Fardhi kifaya ni ile iupasayo umma mzima. Wakiitenda baadhi yao kwa kadiri ya kutosha, waliobaki wamesalimika, na isipotendwa, wamepata dhambi wote waliokuwa na uwezo nayo. Wengi wetu tukiisikia fardhi kifaya fikira hutwendea kwenye kumwosha maiti, na kumsalia, na kumzika. Ajabu ni kuwa mtu akishakufa fardhi hii twaijua vizuri sana, na kabla hajafa hatuijui.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 wa Hijra (1111), katika kitabu chake cha Ihyaa aliutia utabibu miongoni mwa fardhi kifaya, kwa kuwa miili ya watu haina budi nao. Kisha akawalaumu watu wa zama zake, kuwa miji mingi haina tabibu ila asiyekuwa Mwislamu, na huku wanafunzi wasongamana katika fikihi, khasa katika mabishano ya hitilafu. Imepita miaka mia tisa. Msomaji na ahesabu vijana wa mtaani kwake wanaosomea utabibu na uuguzi, kisha ahesabu wanaogombana juu ya mambo ya khitilafu, naye hatahitaji sherehe yetu.

Na kabla ya Ghazali kuna kisa cha Sayyidna Umar, kijulikanacho na wengi. Alitoka Madina kwenda Sham, hata alipofika Sargh akapewa khabari kuwa nchi ile imeingiwa na tauni. Hakuamua peke yake. Aliwataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na mwisho akaamuru watu warudi. Abu Ubaida akamwuliza iwapo wanaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwa maana ya kuwa kurudi nako ni katika kadari hiyo hiyo. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf na hadithi ya Mtume, ya kuwa nchi iliyoingiwa na tauni isiingiwe, na aliyomo asiikimbie. Hapo, ndugu, mambo mawili yalikutana. Aliyemo ndani ametwikwa lake yeye mwenyewe, asiwapelekee wengine maradhi. Na mwenye mamlaka ametwikwa lake, asiwaongoze watu kwenye hilaki kisha akasema Mungu ndiye aliyetaka. Tauni ile, iitwayo ya Amwas, ilimchukua Abu Ubaida mwenyewe mwaka wa 18 wa Hijra. Na Amr bin Al-As aliposhika amri baadaye aliwatawanya watu milimani mpaka ikaondoka.

Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa mwezi wa Mei 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, kisa hiki kilisomwa sana. Latuonekana sisi kuwa kilisomwa nusu. Mchukuzi aishiye kwa kibarua cha siku, akiambiwa asivuke Makadara kwa ajili ya afya ya wengine, ameutendea umma fadhili, na umma uliomfungia umechukua dhamana ya chungu chake. Wako waliolijua hilo wakagawa unga na mafuta nyumba kwa nyumba, Mungu awalipe. Wako pia waliodhani kuwa kumfungia maskini ndiko kukamilika kwa kazi.

Zama zilizofuata, Waislamu waliijenga fardhi kifaya hii kwa mawe na chokaa. Sultani Qalawun wa Misri alisimamisha hospitali yake mjini Cairo mwaka wa 1284, na kuiwekea wakfu wa mali ambayo mapato yake yaliwalipa matabibu, na kununua dawa na chakula. Wakitibiwa humo wanaume na wanawake, tajiri na fakiri, bila ya kutozwa. Hapana aliyesema kuwa fakiri akipewa dawa bure ataidharau.

Wazungu walichelewa kulifikia neno hili, lakini walipolifikia walilishika kwa hesabu. Mwaka wa 1842 Edwin Chadwick alionyesha kwa ripoti kubwa jinsi uchafu wa mitaa ya Uingereza ulivyofupisha umri wa wafanyakazi, na mwaka wa 1848 ikatoka sheria ya kwanza ya afya ya umma nchini humo. Mwaka wa 1854 Daktari John Snow aliwafuatilia waliokufa kwa kipindupindu katika mtaa mmoja wa London, akaona kuwa wengi wao walikunywa maji ya pampu moja, ya Broad Street. Mpini wa pampu ukaondolewa. Waliokufa pale hawakuwa na kosa. Walikunywa maji ya mtaani kwao kama anywavyo kila mtu.

Wala hatuna haja ya kwenda London. Kipindupindu kikali kiliingia Unguja mwaka wa 1869 na 1870, na katika mwaka huo wa 1870 akatawala Sayyid Barghash bin Said. Miongoni mwa mambo ambayo watu wa Unguja humkumbukia kwa kheri ni kuyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi, kutoka Chemchem, watu wakateka bila ya kulipa. Kuchemsha maji ni kazi ya mwenye nyumba. Kuyaleta maji mjini hakuna mwenye nyumba awezaye.

Utawala wa Kiingereza ulipokuja Kenya ulikuja na mizani yake, nayo ilikuwa imeegemea upande mmoja. Mwaka wa 1902 ilipoonekana tauni Nairobi, soko la Wahindi lilitiwa moto. Mwaka wa 1913 akaja Profesa Simpson kutazama mambo ya usafi katika nchi hizi, na shauri lake likawa mitaa itengwe kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Uchafu ulihesabiwa kuwa ni tabia ya watu, si matokeo ya mtaa kunyimwa mifereji na maji. Serikali ya London iliiacha rai hiyo ya kutenga mitaa ya mijini kwa maandishi yake ya mwaka wa 1923, lakini Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka wa 1921 ilibaki, na tutaiona ikifanya kazi mbele. Huko bara, ardhi ya Trans Nzoia, ambayo mji wake ni Kitale, ilitolewa kwa walowezi baada ya Vita Kuu vya Kwanza, na reli ikafika Kitale mwaka wa 1926. Watu wengi wa upande wa Bungoma walikwenda kuyalima mashamba hayo. Kodi walilipa, hospitali zilitengwa kwa rangi, na iliyo bora haikuwa yao. Bwana Afya alipopita vijijini alikuja kutazama choo na kutoza faini, na mpaka leo wako wazee ambao neno afya likitajwa hukumbuka faini.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963 serikali ilitangaza vita na maadui watatu, ujinga na maradhi na umaskini, na mwaka wa 1965 malipo ya hospitali za serikali yakaondolewa. Watu nao hawakukaa bure. Kwa harambee walijenga zahanati nyingi kwa mikono yao, ingawa nyingine zilibaki kuta zisizo na dawa. Basi kwa muda mambo yalikwenda hivyo. Mwisho wa mwaka wa 1989, fedha zilipopungua na wakopeshaji wa nje wakashikilia, malipo yalirejeshwa kwa jina la kuchangia gharama. Yakasimamishwa mwaka uliofuata, yakarudi tena kuanzia mwaka wa 1992. Hoja kubwa ilikuwa ya fedha. Lakini iliandamana na hoja ya pili, iliyo tamu masikioni, nayo twaisikia hata leo vinywani mwa watu wema: kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na mtu asipotoa chake hatakitumia.

Hoja hii ndiyo iliyopimwa Bungoma, na tunamwomba msomaji atustahimilie hapa, maana ndio moyo wa somo letu.

Malaria, kama ijulikanavyo tangu Ronald Ross alipoionyesha mwaka wa 1897, huchukuliwa na mbu. Mbu huyu huuma usiku, na chandarua kilichotiwa dawa humzuia na kumwua. Mwaka wa 2006 serikali ya Kenya iligawa bure vyandarua zaidi ya milioni tatu kwa ajili ya watoto wadogo. Lakini waja wazito waliokwenda kliniki walikuwa wakiuziwa, kwa shilingi 50, bei ambayo ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya kitu chenyewe. Wenye kuuza walisema kuwa shilingi hizo si faida, ni adabu tu: anayelipa atakitundika, na asiyelipa atakifanya wavu wa samaki.

Mwaka wa 2007 wanazuoni wawili wa elimu ya uchumi, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walizichukua kliniki 20 za waja wazito katika wilaya za Busia, Bungoma, Butere na Vihiga. Kliniki 4 ziliachwa kama zilivyo, ziwe za kulinganishia. Katika zile 16, baadhi walitoa chandarua bure, baadhi kwa shilingi 10, baadhi kwa 20, na baadhi kwa 40. Na ni kura iliyoamua kliniki ipi iwe na bei ipi, ili pasiwe na upendeleo. Kisha wakafuata nyumba kwa nyumba kutazama nani amekitundika. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2010. Palipotolewa bure, karibu kila mama alichukua. Palipouzwa shilingi 40, ambayo bado ni chini ya bei ya siku zile, waliochukua walipungua kwa zaidi ya nusu. Na je, wale wachache waliolipa, walikitumia zaidi kuliko waliopewa? Hawakukitumia zaidi. Aliyepewa bure alikitundika sawasawa na aliyenunua. Wala haikuonekana kuwa waliokubali kulipa ndio wagonjwa zaidi, waliokihitaji zaidi kuliko wenzao.

Yafaa tulitafakari jambo hili bila haraka. Shilingi 40 ilimwondoa mama mlangoni, wala haikumfundisha adabu yoyote aliyelipa. Hoja iliyokuwa ikisemwa kwa miaka mingi, na watu wenye elimu na nia njema, ilipowekwa katika mizani ilionekana haina uzito. Na mama aliyerudi nyumbani bila chandarua, lau angeugua, majirani wangemwambia kuwa ni yeye aliyepuuza.

Liko na jambo la pili, ambalo lilionekana si Bungoma bali Asembo, mbali kidogo kuelekea Ziwa, katika uchunguzi wa vyandarua uliofanywa huko mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyumba zisizo na chandarua, zikiwa ndani ya mita 300 za kijiji chenye vyandarua, nazo zilipata kinga, kwa sababu mbu walikuwa wamepungua mahali pote. Basi chandarua cha mtu si chake peke yake. Hulinda na mtoto wa jirani ambaye hakukinunua. Sisi hatujaona mfano ulio karibu zaidi na fardhi kifaya kuliko huu: wakitenda baadhi kwa kadiri ya kutosha, waliobaki wamesalimika. Na kitu kilicho hivi, kumwachia kila mtu akinunue apendapo ni kukikosea jina lake.

Haya yote hayamtoi mtu katika jukumu lake. Chandarua kikishafika nyumbani, kukitundika hapana wa kumtundikia. Mtoto akipatwa na homa usiku, kumchukua kwenda kupimwa, badala ya kumnunulia vidonge viwili dukani kwa kukisia, hiyo ni fardhi aini juu ya baba na mama. Ingawa hata hapa, elimu hailetwi na upepo. Karibu na mwaka wa 2000 huko Bungoma walifundishwa wauzaji wa dawa wa jumla, ili nao wawafikishie wenye vibanda vya vijijini mabango yenye kuonyesha dawa ipi ya malaria iliyokubaliwa na kwa kiasi gani. Na vibanda vilivyofikiwa vikauza kwa usahihi zaidi kuliko vingine. Mwenye duka hakuwa mbaya; hakuwa ameambiwa.

Sasa tutazame jinsi jukumu la mtu linavyoweza kuvukishwa mpaka. Kapsabet ni mji wa Nandi, kusini ya Eldoret. Mwezi wa Agosti 2010 wanaume wawili, wagonjwa wa kifua kikuu, walishikwa kwa kosa la kuacha dawa, na hakimu akawapeleka gerezani kwa miezi minane, kwa kifungu cha 27 cha ile Sheria ya Afya ya Umma tuliyoitaja, ya mwaka wa 1921. Walikaa siku 46 hata Mahakama Kuu ya Eldoret ilipoamuru watolewe. Sisi hatusemi kuwa kuacha dawa ya kifua kikuu ni jambo dogo. Dawa hizo kwa kawaida hunywewa miezi sita, na akiziacha mtu njiani, vijidudu vilivyobaki hujifunza kuzishinda, kisha humwendea jirani vikiwa vigumu zaidi. Ni kama yule aliyemo katika nchi ya tauni akatoka. Lakini aliyewatia chumba kimoja na wafungwa wengine, katika jela iliyosongamana, alikuwa akiwalinda watu gani? Tarehe 24 Machi 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliamua kuwa kuwafunga kulikwenda kinyume cha Katiba, na kuwa ikiwa pana haja ya kumtenga mgonjwa, gerezani si mahali pake. Hospitali yenye chumba cha kumtenga mgonjwa ni jukumu la umma. Umma haukukijenga, kisha ukamtia jela mgonjwa kwa kukosekana kwake.

Twarudi Bungoma, kwa khabari ambayo ni nzito kuisimulia, nasi tutaisimulia kwa heshima ya mwenyewe, bila ya kumtaja jina.

Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilitangaza kuwa kuzaa katika hospitali zake ni bure. Mwezi wa Agosti mwaka huo mama mmoja alifika katika hospitali ya wilaya ya Bungoma kujifungua. Aliambiwa anunue pamba na dawa kwa fedha yake. Alilazwa kitanda kimoja na mwenzake. Uchungu ulipozidi alikwenda chumba cha kuzalia kwa miguu yake, akakuta vitanda vyote vina watu; aliporudi, nguvu zikamwishia, akazaa sakafuni katika ujia, akazimia. Alipozinduka alikuta wauguzi wamesimama juu yake, wakimkaripia na kumpiga makofi kwa kuwa amechafua sakafu, kisha akaamriwa ainuke abebe kondo lake mwenyewe kwenda nalo chumba cha kuzalia. Aliyekuwapo alipiga picha kwa simu, na kwa picha hiyo nchi nzima ikajua.

Mama huyu hakukosa hata moja katika yale tuyahubiriyo. Alihudhuria hospitali, hakuzalia nyumbani. Alifika, na hakufika mtu mahali pa kumpokea.

Alipelekea shauri lake Mahakama Kuu ya Bungoma, na tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni akatoa hukumu. Yaliyomo ni somo kwa kila asemaye neno serikali bila kulifafanua. Hakuishia kwa wauguzi wawili, ingawa aliwaona wakosa. Alisema kuwa haki ya mama huyu ya afya, na ya heshima ya utu, ilivunjwa. Na kuwa serikali ya taifa na ya kaunti hazikutenga fedha za kutosha, wala hazikuweka njia ya kutekeleza na kusimamia kiwango cha chini cha huduma kikubalikacho. Akaamuru alipwe shilingi milioni mbili na nusu, na aombwe radhi rasmi. Msingi wa hukumu ulikuwa Katiba ya mwaka wa 2010, ambayo katika kifungu chake cha 43 humpa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kiwezekanacho.

Kutangaza kuwa jambo ni bure, bila ya kununua pamba na vitanda, ni kumrudishia mtu mzigo kwa mlango wa nyuma. Na muuguzi akiachwa na waja wazito wengi kuliko mikono yake, ghadhabu yake humshukia aliye chini yake. Hilo halimpi udhuru, maana mkono ni wake, lakini aliyemwacha hivyo naye ana fungu lake katika kofi lile.

Twataka kusema neno na ndugu zetu wa kundi la tatu, wa kudura. Mwaka wa 2014 hesabu ya serikali ilikadiria kuwa Kenya, katika kila vizazi hai 100,000, walikufa kina mama 362 kwa sababu ya uzazi. Tuamini kuwa ajali ya kila mmoja imeandikwa. Hiyo ni itikadi yetu wala hatuiachi. Lakini aliyeandika ajali ndiye aliyefaradhisha sababu. Damu ikimtoka mama, na damu ya kumwongezea haimo hospitalini kwa kuwa hakuna aliyejitolea, na gari la wagonjwa halina petroli kwa kuwa fedha yake imekwenda penginepo, kisha sisi tukasimama makaburini tukasema siku zake zimefika, basi tumelitumia jina la Mungu kuwafichia viumbe. Umar hakuifanyia kadari hivyo pale Sargh.

Tangu Oktoba 2024 nchi imeingia mlango mwingine. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imeshika mahali pa bima ya zamani iliyoanzishwa mwaka wa 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa kwa kipato chake, kisipungue shilingi 300 kwa mwezi, naye hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Asili ya jambo hili ni njema. Mzima humchukulia mgonjwa, na kijana mzee. Lakini yule mama wa kliniki ya Bungoma, aliyegeuzwa na shilingi 40, ataipata wapi ya mwaka mzima kwa mara moja? Mizani ya mwaka wa 2007 ingali inatazamika, na yafaa wenye mamlaka waitazame kabla ya kusema kuwa wasiojiandikisha ni wavivu. Na msikiti ulio na fedha katika sanduku lake wajua nyumba zipi za mtaani hazina mchango huo. Kuwalipia ni jambo liwezalo kufanywa mwezi huu, lisilohitaji kungoja serikali.

Katika kikao chetu kijacho tutasoma mlango wa wakfu, khasa wakfu wa visima na mabirika ya miji yetu ya pwani: vilivyochimbwa na nani, vilisimamiwa vipi, na vilipoharibika mapato yake yalikwenda wapi. Mwenye hati ya zamani ya wakfu wa namna hiyo, au aliyepata kusikia kwa wazee wake khabari ya kisima kilichofungwa mtaani kwao, na atuletee barazani baada ya sala ya Isha, tuinakili na kumrudishia.